Mlioko nje: kabla ya kuchagua programu ya kupigia nyumbani, jua kwanza mama ameshika simu gani

FundiSimu_Kiborloni

Habari zenu wakuu.

Nina kibanda cha simu hapa Kiborloni, Moshi, karibu na soko la mitumba. Nabadilisha vioo, nauza chaja na vocha. Ila kazi inayokula muda wangu kuliko zote haina bei ubaoni: wazee wanaoshuka na daladala kutoka Kibosho, Uru na Mwika, wananiwekea simu mezani na kusema, "Mwanangu yuko nje, anasema ananipigia kila Jumapili, mimi sioni kitu."

Nasoma sana maswali ya mlioko ughaibuni. Programu ipi ni bure, ipi ina dakika za bei ya chini. Maswali mazuri, ila karibu wote mnapiga hesabu ya upande wenu tu. Simu inakwama huku. Kwa hiyo naomba niwaeleze ninachokiona mezani, halafu tuzungumzie programu.

Kwanza kuna wazee wenye viswaswadu. Bibi ana simu ya tochi, betri inakaa siku nne, vitufe anavijua kwa kidole bila kutazama. Huyo WhatsApp haimhusu, na kumnunulia simu janja si lazima iwe dawa. Nimeona simu janja nyingi nzuri zilizotumwa kutoka nje zikiwa zimefungwa kwenye kitambaa kabatini.

Wa pili ni wenye simu janja iliyochoka. Mtoto aliondoka miaka minane iliyopita, akamwachia mama simu yake ya zamani. Kuanzia Januari 1, 2025 WhatsApp haifanyi kazi tena kwenye Android 4.4 na zilizo chini yake. Mama hajui hilo. Anachojua ni kwamba mtoto amenyamaza. Wengine simu bado inafaa ila nafasi imejaa, programu haiwezi kujisasisha.

Kundi la tatu ndilo kubwa kuliko yote: bando limeisha. Mtoto anatuma hela Jumatatu, mama anajiunga kifurushi cha wiki, na ikifika Jumatano hakuna kitu. Mama hakuangalia chochote. Ni kikundi cha ukoo! Video za harusi, video za mahubiri, picha hamsini za msiba, vyote vinajipakua vyenyewe. Nikizima kujipakua kwa picha na video, bando lile lile linafika Jumapili. Fanyeni hivyo kabla ya kununua chochote. Ndani ya mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya hifadhi na data, zima kujipakua, kisha washa ile ya kutumia data kidogo wakati wa simu.

Maana simu ya sauti yenyewe haili sana. Sauti ikisafirishwa kwa kilobiti 24 kwa sekunde, upande mmoja ni KB 180 kwa dakika. Kila kipande cha sauti kinabandikwa anwani, nazo zina uzito wake, halafu mnaongea wawili. Inafika nusu MB au zaidi kidogo kwa dakika. Saa nzima ya maongezi ni kama MB 30 hadi 40. Video ni mara kadhaa ya hapo, na ikianza kugandaganda mama anadhani mmekosana.

La mwisho ni mlima wenyewe. Waliozaliwa migombani wanajua. Kijiji kiko nyuma ya mgongo, mnara uko ng'ambo ya korongo. Ndani ya nyumba simu inasoma E, yaani intaneti ya zamani ya polepole. Kwenye E simu ya kawaida inaingia vizuri kabisa, ila ya intaneti itakatikakatika mpaka mkate tamaa. Mama akitoka kihambani, shamba la migomba la nyumbani, akasimama barabarani, anapata 4G. Kwa hiyo mnapopanga saa ya kupiga, pangeni na mahali pa kusimama.

Sasa njia zenyewe.

Ya kwanza ni programu kwa programu: WhatsApp, Imo, Telegram, Signal, Google Meet. Hizi hazina gharama ya dakika, ila pande zote mbili ziwe na intaneti na programu ile ile. Kwa wazee wengi wa huku WhatsApp ndiyo wanayoijua, na kujua ni nusu ya safari. Imo nayo ina watu wake, hasa wenye ndugu Uarabuni.

Ya pili, wewe unatumia intaneti huko uliko, mama anapokea kama simu ya kawaida, hata kwenye kitochi, hata kwenye E, hata bando likiwa sifuri. Unanunua salio kwenye programu kama Viber Out au Yolla, unapiga +255.

Ya tatu inafanana na hiyo, ila hata wewe unaweza kukosa intaneti: Rebtel ya Sweden, kwa mfano, inaweza kukupa namba ya nchi uliyopo, unaipiga kwa dakika zako za kawaida, wao wanakuvusha mpaka Moshi.

Najua mtauliza kwa nini dakika za kupiga Tanzania ni ghali wakati kupiga India au Marekani ni senti chache. Simu ikitoka nje na kutua kwenye mtandao wa simu wa hapa, yule aliyeileta analipa ada ya kutua. Ada hiyo inatofautiana nchi na nchi, na kwetu iko juu. Programu haiwezi kuikwepa kihalali. WhatsApp haiigusi kwa sababu haitui kwenye mtandao wa simu, inatua kwenye intaneti.

Ushauri wangu ni huu: kila mzazi awe na njia mbili. Ya bure kwa maongezi marefu, na salio kidogo la simu ya kawaida kwa siku ambayo ya bure imegoma. Salio la dola tano linaweza kukaa muda mrefu likikaa kwa ajili ya dharura tu. Soma kwanza kama lina tarehe ya kufa.

---

Mwika_Juu

Dada fundi, ubarikiwe. Mimi niko Ujerumani, nasomea uuguzi. Mama yangu ana kiswaswadu na ameshasema simu ya kupapasa haitaki. Nilizoea Skype, nikawa nanunua salio napiga kitochi chake. Ilipofungwa nikabaki sina njia. Nikajaribu programu moja (siitaji jina), nikaweka euro kumi, dakika zikawa zinaisha haraka kuliko nilivyohesabu. Baadaye ndiyo naona maandishi madogo: kila simu ikipokelewa wanakata ada ya kuunganisha, halafu dakika ikianza inahesabiwa nzima. Simu ya kuuliza "umefika salama?" inalipiwa kama maongezi.

Na tatizo la pili, mama hapokei. Anaona namba ndefu asiyoijua, anaogopa matapeli.

---

FundiSimu_Kiborloni

Pole kaka. Skype imewaacha wengi, maana ilikuwepo tangu 2003, na wapo wazee wa huku ambao kwao simu yoyote ya nje waliiita skaipu. Ilifungwa Mei 5, 2025.

Kwa mama wa kitochi, chukua njia ya pili au ya tatu, lakini kabla ya kuweka hela kubwa angalia vitu hivi: bei ya kupiga simu ya mkononi ya Tanzania (usisome ya simu ya mezani, zile za 027 za huku kwetu zinaweza kuwa na bei nyingine), ada ya kuunganisha kama ipo, na wanahesabu kwa dakika au kwa sekunde. Weka kiasi kidogo kabisa wanachoruhusu. Piga simu moja ya dakika mbili na sekunde kumi, halafu ukague walichokata. Hapo utawajua.

Kuhusu kupokea: mama ana haki ya kuogopa. Hizi jumbe za "ile hela tuma kwenye namba hii" zimewaumiza watu. Programu nyingi zinakuruhusu kuthibitisha namba yako ili ndiyo ionekane unapopiga. Ithibitishe, kisha aliye karibu na mama aiandike kwenye kitochi chake kwa jina lako. Mama akiona jina la mwanae atapokea hata usiku.

Jambo moja la kuangalia. Ukipiga kwa huduma fulani kutoka nje na kwa mama ikatokea namba ya kawaida ya hapa hapa nchini asiyoijua, simu yako huenda imepitishwa kwenye kisanduku cha laini. Watu wanajaza laini nyingi kwenye mashine, wanapokea simu za nje kupitia intaneti na kuzigeuza za ndani ili wakwepe ile ada ya kutua. Ni kosa la jinai na TCRA, mamlaka ya mawasiliano, wanawasaka. Bei yake inavutia, sauti yake mbaya, na siku laini zikifungwa salio lako limekwenda. Achana nayo.

---

Binti_Sakina

Mimi ni wa Arusha, Sakina, nafanya kazi Falme za Kiarabu. Naomba niseme kwa ajili ya wadogo zetu wanaokuja huku kazi za ndani, maana hakuna aliyeniambia mimi.

Huku WhatsApp ya kuandika inafanya kazi, ujumbe wa sauti unakwenda, ila kupiga simu kumezuiwa. Wiki yangu ya kwanza nilipiga nyumbani kila usiku. Nilidhani simu yangu ni mbovu, nikalia. Sheria inaruhusu programu zilizosajiliwa tu. BOTIM ndiyo wengi tunaitumia, na Zoom na Teams nazo zimo kwenye orodha. Kwa hiyo kabla hujapanda ndege KIA, weka BOTIM kwenye simu ya mama, jaribuni mkiwa chumba kimoja, ajue mlio wake. Ukishafika huku huwezi kumwelekeza kwa maandishi, hasa kama mama hasomi vizuri.

Usidanganywe na VPN, zile programu za kuficha uko wapi kwenye intaneti. Mabosi na wenzako watakwambia kila mtu anaitumia. Sheria ya huku ina faini kuanzia dirhamu 500,000 kwa anayeficha anwani yake ya intaneti ili atende kosa. Mshahara wa dada wa kazi ni dirhamu ngapi kwa mwezi? Mtu asikutie kwenye mtego huo kwa sababu ya simu.

Na ujumbe wa sauti usiudharau. Mimi na mama tunatumiana kila siku. Anarekodi akiwa anachambua mchele, nasikia mpaka kuku. Yeye yuko nyuma yangu kwa saa moja tu, lakini kazi yangu inaisha saa tano usiku na yeye ameshalala. Asubuhi anaukuta.

---

Mzigo_Guangzhou

Kwa China fupi: WhatsApp imefungwa, pakueni WeChat mapema, nyumbani na wewe. Kujiandikisha wakati mwingine inadai mtu mwenye akaunti ya muda mrefu akuthibitishe, kwa hiyo fanya hivyo ukiwa bado Arusha, usisubiri kufika. Tofauti ya saa ni tano. Ukimaliza soko saa kumi na moja jioni, nyumbani ni saa sita mchana.

---

Njiro_Block_C

Naunga mkono hoja ya njia mbili kwa nguvu zote. Kaka yangu yuko Minnesota, Marekani, na mzee wetu alikuwa anatibiwa hospitali ya KCMC mwaka jana.

Mnakumbuka Mei 12, 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM, nyaya zinazotuletea intaneti, ilipokatika baharini, intaneti ikawa ya kuvizia. Siku zile tulisema ni bahati mbaya ya mara moja. Kisha Oktoba 29, 2025 intaneti ikazimika nchi nzima, ikakaa siku kadhaa. Kaka alikuwa na WhatsApp peke yake. Alipiga mara zaidi ya mia. Kwake ilikuwa inaandika inapiga, inapiga, basi. Sisi tulikuwa wodini na mzee, simu za kawaida zinafanya kazi, lakini yeye hakuwahi kufikiria kutupigia hivyo. Alitupata siku ya tatu kupitia rafiki yake aliyekuwa na salio la kupiga namba. Alipoisikia sauti ya mzee alishindwa kuongea.

Tangu hapo ana salio. Hajaligusa. Kila mwezi anapiga dakika moja tu kuhakikisha bado liko hai.

---

FundiSimu_Kiborloni

Nimesoma hii mara mbili. Poleni sana, na mzee apone vizuri.

Umenikumbusha kitu ambacho wengi hawakitofautishi. WhatsApp ikiandika *inapiga* na kubaki hapo, simu ya nyumbani haijapatikana kwenye intaneti: bando limeisha, au imezimwa, au mtandao haupo. Ikigeuka ikaandika *inaita*, simu imefikiwa, mlio uko, mama yuko shambani au ameiacha kwenye chaji. Ukibaki kwenye *inapiga*, usipige mara mia. Hamia simu ya kawaida. Ukifika kwenye *inaita*, subiri nusu saa, mama atarudi.

Baba yangu aliwahi kunisimulia, zamani mjomba akipiga kutoka Uingereza, anapiga simu ya mezani ya jirani, jirani anatuma mtoto, mjomba anakata na kupiga tena baada ya dakika ishirini. Na sauti ilipita kwenye setelaiti iliyo juu kilomita 35,786, kwa hiyo ukisema neno unasubiri. Wale waliotoka kwenye zama hizo bado wanapaza sauti kwenye simu na bado wanaongea haraka wakiogopa dakika. Tangu mkongo wa SEACOM ufike Dar es Salaam 2009 kusubiri kule kumepungua sana, ila kwenye mtandao dhaifu kunarudi kidogo. Basi ukisema jambo, mpe mama nafasi, usimwingilie. Na mwambie aondoe spika ya nje kama unajisikia mwenyewe ukirudi, maana mwangwi huo mara nyingi unatoka kwenye simu yake.

---

Majengo_Moshi

Dada fundi, swali. Mdogo wangu yuko Kanada, WhatsApp yake bado ni namba ya hapa, laini ameiacha kwenye droo. Ni salama?

---

FundiSimu_Kiborloni

WhatsApp itaendelea kufanya kazi hata laini haipo kwenye simu. Hatari iko kwenye laini. Laini isiyotumika muda mrefu mtandao unaweza kuifunga na kumuuzia mtu mwingine namba hiyo. Mmiliki mpya wa namba hiyo akijisajili WhatsApp, mdogo wako anatolewa, na ukoo mzima unaanza kuongea na mtu msiyemjua. Akiomba hela, mtatuma.

Mambo mawili afanye leo. Awashe uthibitisho wa hatua mbili, ile PIN ya tarakimu sita, aiandike mahali. Na kama ana namba ya Kanada ya kudumu, ahamishie WhatsApp kwenye namba hiyo kwa kutumia kipengele cha kubadili namba, kisha awaambie watu kwa sauti yake, si kwa maandishi. Akirudi likizo, apige *106# aone laini zilizosajiliwa kwa namba yake ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa. Ujumbe wa kitapeli mkiupata, utumeni kwenda 15040.

---

Mwika_Juu

Nimerudi. Nimethibitisha namba yangu, binamu ameiandika kwenye kitochi cha mama, nimejaribu ile dakika mbili na sekunde kumi. Hawa wanahesabu dakika tatu, hakuna ada ya kuunganisha. Naweza kuvumilia. Mama alipokea mlio wa pili tu.

Ila sasa amebadili mawazo. Anasema kama jirani anamwona mjukuu wake kwenye video, yeye kwa nini asione. Nimemtumia hela ya simu janja. Binamu anaweza kumleta kwako? Nisingependa anunue tu kitu chochote kile stendi.

---

FundiSimu_Kiborloni

Amlete Jumamosi, niko hapa mpaka saa kumi na mbili jioni. Asinunue kabla hatujaonana. Nitamtafutia yenye betri kubwa na spika inayosikika, kamera si muhimu sana kwake. Kitochi asikiache nyumbani, aje nacho pia, maana namba zake zote ziko humo na laini ile nataka ibaki humo humo. Kwenye simu mpya tutaweka laini nyingine, kwa hiyo abebe namba yake ya NIDA, na aje mwenyewe, alama za vidole haziwezi kutumwa na binamu.

Na wewe siku hiyo kaa karibu na simu kuanzia saa nane mchana ya huku. Nitakupigia video akiwa amekaa kwenye kiti changu.